Siku Nilipopima Masikio ya Shemeji

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nalitaja hili mapema kwa sababu kisa chenyewe kina kosa langu ndani yake, na kosa hilo lilitoka kwenye hasira yangu kabla halijafika kwenye mashine.

Kazi yangu ni ufundi wa sauti katika redio moja ndogo hapa Kasongo. Ukisikia mtangazaji anawasalimia wagonjwa asubuhi, ujue mimi nimeamka kabla yake, nimewasha jenereta, nimepangusa vumbi kwenye maikrofoni na nimeshagombana na waya mmoja au wawili. Kwa miaka mingi nilipima sauti kwa masikio yangu tu. Spika ikikoroma, nasema inakoroma. Mtangazaji akilalamika kwamba anasikika kama bata, namwambia hiyo ndiyo sauti aliyopewa na Mungu. Tulielewana hivyo.

Halafu akaja injinia kutoka Bukavu kutengeneza mtambo wetu wa kurushia matangazo. Alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Siku ya kuondoka aliniachia kisanduku cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni, chenye matundu ya waya mbele na nyuma, vifundo vya kuzungusha na taa mbili ndogo.

"Hii ni kadi ya sauti ya inje," akaniambia. "Ile ya ndani ya kompyuta yako ni ya kusikilizia muziki. Hii ni ya kupimia."

Nilimcheka kimoyomoyo. Kompyuta yangu ina tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia, sasa huyu mzee ananiuzia nini tena? Yeye akachukua waya mfupi, ncha moja akaichomeka pale sauti inapotokea, ncha ya pili pale inapoingilia, ili kompyuta ijisikilize yenyewe. "Mbele ya kupima kitu cha mutu, unapima kipimo chako," akasema. Kwenye skrini ukatokea mstari umejaa vilima na miiba kama shamba lililoachwa. Akaanza kunionyesha kwa kidole: huu mwiba ni jenereta yako, huu ni feni, huu ni chaja ya simu iliyo pale dirishani. Wote walikuwa wanaongea ndani ya kompyuta yangu, na mimi nilikuwa siwasikii.

Kisha akahamisha ule waya kwenye kisanduku. Mstari ukashuka. Ukashuka mpaka chini kabisa, ukalala umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi nikashika mdomo. Sikuwa nimewahi kuona ukimya, na sasa ulikuwa pale mbele yangu, una urefu, una kimo, unaweza kuuwekea kidole. Nilimwomba mzee auondoe waya na kuurudisha mara tatu, nione tena ukishuka.

Baada ya hapo sikulala vizuri mwezi mzima. Nilipima kila kitu. Nilipima mvua juu ya bati, pikipiki zinazopanda kutoka sokoni, kengele ya kanisa. Ile kengele ndiyo iliyonimaliza. Nimeisikia tangu utoto, ngoo, ngoo, nikidhani ni sauti moja. Kwenye skrini ikawa sauti sita au saba zinatembea pamoja, kila moja na mwendo wake, nyingine zinachoka haraka, moja nyembamba inaendelea peke yake baada ya zote kufa. Nilimwita katekista aone. Akaangalia, akaniambia, "Na zote hizo zilikuwa zinatuita?" Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Nimesema haya ili mjue nilivyokiamini kile kisanduku. Sasa nije kwa shemeji.

Dada yangu, ambaye mimi ni yaya wake, yaani mkubwa wake, ameolewa Kabambare na mtu aliyetoka upande wa Kivu kutafuta dhahabu. Wanakaa kwenye kiwanja cha mama yetu. Shemeji anafanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kile cha injini, ambacho kikinguruma hata mbuzi wa jirani hawalali. Ni mtu mpole, anacheka kwa wakati wake, anafanya kazi. Tatizo lilikuwa moja tu: kati yake na mama.

Kwetu, mkwe mwanamume hamwangalii mama mkwe usoni. Wakikutana njiani anampisha, anaingia hata kwenye majani. Akifika kwake anakaa barazani, anageuza mgongo, na mama mkwe akiwa na neno analisema kutoka ndani, nyuma ya pazia. Hakuna chuki hapo, ndiyo heshima yenyewe. Shemeji hakukua na mila hiyo kwa ukali wetu, lakini mgeni akijifunza mila huwashinda wenyeji. Alikuwa anageuza mgongo mpaka watu wanamsifu.

Ila hakuwa anajibu. Mama akisema kutoka ndani, "Mukwe, umeamuka?" kimya. "Mukwe, chakula iko tayari," kimya. Mwaka wa kwanza mama alisema ni haya. Mwaka wa pili akasema ni kiburi cha watu wa dhahabu. Dada alikuwa anashangaa. "Mimi nikimwambia kitu, anajibu palepale," alisema, bila kujua kwamba alikuwa anaongeza kuni kwenye moto. Kama anamsikia mke na hamsikii mama yake, hilo si dharau ni nini?

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Dada alikuwa shambani. Mama alikuwa ndani na mtoto wao, mwenye mwaka na nusu, na mtoto akashikwa na degedege. Mama aliita, "Mukwe! Mukwe, mutoto anakufa, kimbia ukaite muuguzi!" Shemeji alikuwa barazani, hatua tatu tu kutoka mlangoni, mgongo ameupa nyumba, ananoa panga. Aliendelea kunoa. Mama aliita mpaka sauti ikamkauka. Kumfuata na kumgusa bega? Kwa mama yangu, kumgusa mkwe ni jambo lisiloingia hata akilini. Alitoka mlango wa jikoni na mtoto mikononi, akaanguka kwenye tope, na mama jirani, aliyemsikia ng'ambo ya ua pamoja na ile mvua yote, ndiye aliyetafuta pikipiki.

Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini mama aliapa. Alisema hawezi kumwacha binti yake kwa mwanamume aliyemsikia mtoto wake anakufa na akaendelea kunoa panga. Wazee wa ukoo wakapanga Jumapili ya kukaa na kuvunja ndoa. Dada aliponipigia simu alikuwa analia hivi kwamba sikuelewa maneno, nilielewa kilio tu.

Na mimi nilikuwa nimekasirika kuliko mama. Nilitamani kupanda pikipiki nikampige. Lakini mtangazaji wetu, ambaye ananijua, aliniambia, "Wewe si ndiye mwenye kupima kila kitu? Mupime masikio." Nikaona ni neno la akili. Nikampigia mama: nitakuja Jumamosi na kisanduku, wiki moja kabla ya kikao. Masikio yakiwa mabovu, tumsamehe. Yakiwa mazima, dada arudi nyumbani na nitambebea mizigo mimi mwenyewe. Mama akasema sawa. Dada akasema, "Yaya, usimupime kama spika. Huyu ni mume wangu."

Nilijitayarisha kwa makini, sitaki mtu aseme nilifanya kazi ya kubahatisha. Injinia alinielekeza kwa ujumbe wa sauti: unampa mtu sauti moja moja masikioni, kutoka nzito mpaka nyembamba, na kila moja unaipunguza mpaka isisikike. Mtu anainua mkono kila akisikia. Kwa kuwa hatuna vipimo vya hospitali, uanze na watu wenye masikio mazima, uone wanakoma wapi. Nikawapima watu wote wa redio, na katekista, na mke wa mwenye nyumba wangu. Kisha, kwa akili yangu mwenyewe, nikaongeza kitu. Kila sauti iliyokwenda sikioni, hata iwe ndogo namna gani, nikaitolea pacha wake mwenye nguvu, apite kwenye waya mwingine na kurudi ndani ya kisanduku, ili kompyuta iandike wakati hasa sauti ilipotoka. Nikauita waya wa shahidi. Nilijisifu sana kwa ule waya.

Jumamosi asubuhi nikafika Kabambare, mgongo umekufa kwa ile barabara, kisanduku nimekifunga ndani ya blanketi kama mtoto. Shemeji alikubali kupimwa bila neno. Tuliketi sebuleni kwa mama, mimi upande huu wa meza, yeye upande ule, kisanduku katikati. Mama alikuwa nyuma ya pazia, dada ameketi kando. Nikamvalisha shemeji vikombe vya masikioni, vile vya kusikilizia sauti, nikamweleza, akaangalia mdomo wangu, akaitika kwa kichwa.

Nikaanza. Sauti nzito, akainua mkono. Nikapunguza, akainua. Nikapunguza tena, akainua. Nyembamba, akainua. Nyembamba zaidi, ile ambayo katekista aliikosa, akainua. Nilikwenda mpaka mwisho wa programu, na mkono wake haukukosa hata mara moja. Nilihisi furaha mbaya, naikiri. Nilizima kompyuta na kusema kwa sauti, ili ipite pazia, "Huyu mutu ana masikio mazima kuliko sisi wote. Alikusikia, mama."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama akajibu kutoka ndani. "Nilisema."

Shemeji alikuwa anaangalia mdomo wangu. Kisha akaangalia chini. Dada alisimama, akaenda jikoni, na sikumsikia akifanya kitu chochote huko jikoni.

Nikarudi Kasongo. Siku tatu nzima nilikuwa nimenuna bila kujua kwa nini. Jumatano nikampelekea injinia picha ya matokeo, kusema kweli nilitaka anisifu kwa waya wa shahidi. Jibu lilikuja jioni, na lilianza kwa kicheko kirefu. "Huyu ni mutu ao ni popo?" akasema. "Hata mutoto wa kunyonya hana masikio ya vile. Na unaniambia anafanya kazi kwa kinu? Wewe mwenyewe ulifika wapi?"

Mimi nilikuwa nimekoma katikati.

"Basi kuna kitu kinadanganya," akasema. "Anza na mashine."

Nikaanza na mashine. Waya mfupi, tundu kwa tundu, na mstari ukalala chini umenyooka, safi. Mashine ilikuwa haina kosa. Nikapanga meza ya studio kama ilivyokuwa kwa mama, nikakaa upande wa shemeji, nikavaa vikombe, nikamwomba mtangazaji aendeshe programu. Sauti nzito, nikainua mkono. Ndogo, nikainua. Nikafika pale nilipokoma mara ya kwanza, pale ambapo masikio yangu hayana kitu tena, na mkono wangu ukainuka.

Nikaushangaa mkono wangu. Sikuwa nimesikia kitu. Programu ikatoa nyingine, mkono ukainuka tena, na ndipo nikaiona. Kila sauti ilipotoka, pacha wake alikuwa anapita kwenye waya wa shahidi, anaingia kwenye kisanduku kwa nguvu zake zote, na ile taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Pap. Kutoka upande wangu wa meza haionekani, kifundo kinaificha. Kutoka upande wa shemeji inakuangalia machoni.

Nikavua vile vikombe nikavitundika shingoni. "Endelea," nikamwambia mtangazaji. Nikapata matokeo ya popo, yote, bila kusikia hata sauti moja.

Aka! Aibu ilikuwepo, ndiyo, aibu kubwa. Lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nilikuwa namshangaa yule mtu. Nilianza kumkumbuka, shemeji akicheka kwenye sherehe, akicheka kwa wakati wake hasa. Anavyokaa daima mahali anapoona watu wote. Anavyoangalia mdomo wako, na mimi siku zote nikidhani ni unyenyekevu. Miaka yote hiyo alikuwa anatusikiliza kwa macho, na hakuna aliyegundua, hata mke anayelala naye, hata mimi ambaye sauti ndiyo kazi yangu. Sehemu moja tu duniani ndipo macho yake yaliposhindwa, nayo ni barazani kwa mama yangu, kwa sababu pale alikuwa amegeuza mgongo.

Ijumaa nikawa njiani tena. Tulianguka mara mbili kwenye tope, mwenye pikipiki akanilaani, nikamwambia alaani lakini asisimame. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwenye kinu. Nilingoja wazime injini ili wale chakula. Nikasimama nyuma ya shemeji, karibu kabisa, nikaita, "Shemeji!" Wenzake wote wakageuka. Yeye aliendelea kumenya muhogo wake. Nikaita tena. Nikamgusa bega, akaruka, kisha akaona uso wangu, na nadhani alielewa yote kabla sijafungua mdomo.

Tulikwenda kando, nikakaa mbele yake, tukaongea uso kwa uso.

"Uliona taa," nikasema.

"Niliona."

"Kwa nini, shemeji? Kwa nini hukusema?"

Aliuweka muhogo wake chini. "Kule kwetu kwa mashimo, na hapa kwa kinu, mutu asiyesikia wanamufukuza," akasema. "Wanasema ataita kifo kwa wengine. Mawe ikianza kuanguka, watu wanapiga kelele, na yeye hatasikia. Iko kweli, shemeji. Haiko uongo. Nikisema, kazi inaisha. Nikawaza, wacha mama aseme niko na kiburi. Mutu wa kiburi anakula. Kiziwi anakula nini?"

"Na siku ya degedege?"

Alifunika uso kwa mikono yenye vumbi la mawe, na nilipotaka kusema kitu nikakumbuka kwamba akiwa amefunika macho hanisikii. Ikabidi nimngoje. Mimi, mtu wa hasira za karibu, nikamngoja mpaka akashusha mikono.

"Ukitaka, sitasema kitu," nikamwambia. "Lakini Jumapili wanavunja ndoa yako."

Aliangalia kinu, akaangalia wenzake waliokuwa wanakula. "Kinu itapata mutu mwingine," akasema. "Uje na kile kisanduku. Lakini safari hii ufunike taa."

Jumapili walikuja wajomba wetu wawili, wakakaa kwenye viti vya mbao. Dada alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Mama nyuma ya pazia. Nilibandika plasta ya vidonda juu ya taa, nikamgeuza shemeji auangalie ukuta, na skrini nikaielekeza kwa wajomba ili waone wenyewe. Nikaweka na maikrofoni mezani kupima kelele za chumba, nisije nikalaumu kuku. Nikaanza.

Sauti nzito zilikwenda vizuri, alisikia injini, alisikia radi. Kisha tukaanza kupanda, na mkono wake ukaanza kuchelewa. Tukapanda kidogo tena, mkono ukabaki gotini. Niliongeza nguvu. Niliongeza mpaka mimi mwenyewe nilisikia vikombe vikilia kutoka upande wangu wa meza, na mtoto akageuza kichwa kutafuta kinacholia. Mkono wa shemeji ulibaki gotini. Mstari kwenye skrini ulikuwa unatembea vizuri, halafu unaporomoka, kama ukingo wa mto uliomeguka. Na yale yaliyokuwa upande wa pili wa ule mporomoko ndiyo sauti za wanawake na watoto, ndiyo sehemu za maneno zinazofanya neno liwe neno. Nikawaeleza wajomba hivyo. Nikawaambia pia kwamba mvua ikipiga bati, hata kile kidogo anachosikia kinazama. Mjomba mkubwa alivua kofia.

Kutoka nyuma ya pazia mama akasema, "Juzi mashini ilisema iko muzima. Leo inasema iko mugonjwa. Mashini gani inabadilisha neno kama mwanasiasa?"

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mashine haikubadilisha. Mimi nilipima vibaya, na nilisema haraka kwa sababu nilitaka kusema. Unisamehe."

"Wewe nitakusamehe kesho," akasema. "Lakini mimi siamini taa wala mistari."

Na pazia likafunguka. Mama akatoka.

Wajomba wakainuka nusu, hawajui wakae au waondoke. Dada alisema "Yooo!" kwa sauti ndogo. Mama alipita katikati yetu, akavuta kigoda, akakiweka mbele ya shemeji, baina yake na ukuta, akakaa. Shemeji alipoona kitambaa cha mama akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, alifumba na macho. Mama akanyoosha kidole kimoja, akakiweka chini ya kidevu chake, akakiinua kile kichwa. Akangoja mpaka macho yakafunguka.

Kisha akasema naye, na sisi hatukusikia kitu. Midomo ya mama ilikuwa inatembea, polepole, maneno kadhaa, lakini hakutia sauti hata chembe. Nilidhani ni masikio yangu. Niligeukia skrini, maikrofoni ilikuwa bado wazi, na ule mstari wa chumba ulikuwa umelala chini kabisa, haukutikisika. Nimepima mambo mengi na kile kisanduku, lakini nywele zangu hazijasimama vile tena. Mama alikuwa anasema, na hakukuwa na sauti, na mtu mmoja tu mle ndani alikuwa anasikia.

Shemeji akaanza kulia akiwa bado anamwangalia.

"Nilikuwa hapo inje, mama," akajibu. "Hatua tatu. Nilikuwa nimekupatia mugongo, juu ya heshima."

Mama aliketi vile, kidole bado kiko chini ya kile kidevu. Alipofungua mdomo tena, alitia sauti, nadhani ni kwa ajili yetu sisi wengine.

"Usinipatie mugongo tena," akasema.